Mpaka Chura Aimbe Kitandani

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Kitanda kimehama tena. Mara ya tatu wiki hii. Sasa kiko katikati ya chumba kama altari. Beseni mbili upande wa kulia, sufuria miguuni, kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Adela, mke wangu, amelala na mwavuli umefunguliwa. Mi sitaki mwavuli. Mvua hainitishi. Nimeona mvua ya kwetu Makamba ikibeba ng'ombe wa baba, akaelea siku mbili, akarudi mwenyewe nyumbani ananuka samaki.

Tundu kubwa la bati ni la risasi. Ilitoka milimani kwa waasi mwezi wa saba, ikapita bati, ikapita dari la mikeka, ikaja kulala kwenye mto wangu. Mi nilikuwa nimegeukia ukuta. Niligeuka kwa sababu niliisikia inakuja. Adela anasema niligeuka kwa sababu alinipiga kiwiko nikikoroma. Ndoa ni mzigo.

Bomba la uani kavu tangu mwezi wa nane. Mabati mapya hakuna, embago ya nchi jirani imefunga kila kitu. Tunavumilia.

Kazini nimepandisha mafaili ghorofa ya tatu mara kumi na moja. Plantoni, tarishi wa ofisi, akikaa chini siku moja, serikali inakaa chini naye. Watu hawajui.

Jumatano, 7 Oktoba

Choo kimeanguka. Sio chote. Ukuta wa mbele. Mi nikiwa ndani.

Ukuta ule ndio unatazama geti. Na getini ndipo Mama Furaha anauza ndagala zake, samaki wadogo wa ziwani. Huyu mama alikimbia vita kutoka Uvira na hakuacha mdomo wake nyuma. Alikuwa na wateja sita. Ukuta ulishuka polepole, kama pazia kanisani. Vumbi likatulia. Tukaangaliana. Nikasema bonjour. Mtu aliyefika darasa la sita hakosi la kusema.

"Ee Tonto Deo!" Mama Furaha akaita, tonto kama kusema mjomba. "Ukimaliza pita uonje, ndagala ni za leo!"

Nikajibu nakuja. Sikuinuka mpaka mteja wa mwisho ameondoka. Miguu ilikufa ganzi, nikatoka natembea kama bata.

Nilingoja Adela acheke. Hakucheka. Hapo nikaogopa. Alikunja nguo zake taratibu, moja moja. Akasema: "Deo, mi naenda Bwiza kwa dada. Siku umetoka mu hii nyumba, kuja unichukue. Kama haujatoka, usikuje."

Ameenda na redio. Ameenda na sufuria nzuri. Ameenda na mwavuli.

Nimebaki na kopo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimepata nyumba. Siku moja tu. Wengine wanatafuta mwaka. Ni Bwiza, mlango wa nne kutoka kwa shemeji. Vyumba viwili, bati zima, na bomba. Nimelifungua mwenyewe, limenimwagia viatu. Nilitaka kulia. Sikulia.

Mwenye nyumba hiyo ananingojea mpaka Jumapili tarehe 25. Baada ya hapo anampa mwalimu fulani.

Kilichobaki ni kutoka huku. Kitu kidogo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Sio kitu kidogo.

Mwenye nyumba yetu ya sasa ni Mama Spes. Mjane, miaka sabini na kitu, mwembamba kama mshumaa wa Pasaka. Anakaa chumba cha nyuma, parsela hiyo hiyo, ua mmoja na sisi, peke yake. Nimemwandikia barua ya preavi, ya kumwarifu nahama, kwa Kifaransa. Ukurasa mzima. Nimeigonga mihuri mitatu ya ofisini, nikiwa peke yangu pale. Mmoja unasema IMEPOKELEWA, mwingine unasema HARAKA. Wa tatu sikuusoma vizuri lakini ni mkubwa.

Mama Spes hasomi. Akaniambia nisome. Nikasoma kwa sauti, nimesimama. Akasikiliza mpaka mwisho, anapeta mchele.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Padri mwenyewe asomi hivyo. Apana."

Nikauliza apana nini. Akasema apana kuhama.

Kontra yetu, mkataba wa nyumba, inaenda mpaka mwezi wa sita mwaka kesho. Tulifanya kama watu wote wanavyofanya: karatasi ya daftari, halafu chungu cha pombe ya ndizi uani, mirija, na mashahidi wawili, Mama Furaha na Balta, seremala wa ng'ambo ya barabara. Karatasi ni ya kuonyesha wageni. Chungu ndicho kinafunga. Na kilichofungwa kwa chungu kinafunguliwa kwa chungu kingine, mashahidi wale wale, na pande zote mbili zinywe. Mmoja akikataa mrija, kontra bado nzima kama yai.

Mama Spes amesema hatashika mrija. Tena amesema niliapa. Mi? Niliapa nini?

Jumapili, 11 Oktoba

Nimeuliza mashahidi baada ya misa. Ni kweli niliapa.

Balta hasemi uongo. Ni ugonjwa wake. Ukimuuliza kama meza aliyokutengenezea itadumu, anakwambia apana. Leo akasema: mwaka jana, chungu kikiwa nusu, nilipanda juu ya kiti, nikafungua mikono, nikasema, "Mi Deogratias, nyumba hii sitoki mpaka chura aimbe kitandani mwangu!"

Mama Furaha akapanda kwenye ndoo yake kuonyesha nilivyosimama. Wateja wakapiga makofi. Eti nilisema pia habari ya chui niliyempiga kwa mwavuli.

Hilo la chui ni kweli.

"Ulimi uliponza kichwa, Tonto," akasema Mama Furaha. "Wako umeponza mpaka kitanda."

Nilirudi ndani na hasira. Nilikaa nayo mpaka mchana. Halafu, nikila viazi baridi kutoka kwenye kopo, akili ikafunguka. Niliapa mpaka chura aimbe.

Basi chura ataimba.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema mazishi. Nimeazima baiskeli ya Balta, nikashuka Buterere. Huko maji yamejaa mpaka milangoni, na mashamba ya mpunga yanaimba mchana kutwa. Vyura kama kwaya ya Krismasi.

Kushika chura ni kazi ya wanaume. Wa kwanza alinipita katikati ya miguu. Wa pili nilimrukia, nikapata tope. Mwanamke aliyekuwa anapalilia aliniuliza natafuta nini. Nikasema ni utafiti wa serikali. Akatazama suruali yangu, akasema: "Serikali yetu imechoka hivyo?" Ndiye aliyenishikia chura. Kwa mkono mmoja, bila kuacha jembe.

Chura mkubwa. Kama mkate. Nimemtia kwenye kopo.

Barieri ya kuingia mjini, wanajeshi wananisimamisha. Mmoja akauliza kopo lina nini. Nikasema chura, afande. Akauliza wa nini. Nikasema wa nyumba. Alifungua, akatazama, akafunga. Alinitazama muda mrefu. Nafikiri alikuwa na siku ndefu. Akanirudishia kopo kwa mikono miwili, kama mtu anampa mgonjwa dawa.

Nikisimulia hii nitasema alinipigia saluti.

Jumatano, 14 Oktoba

Saa kumi alasiri niliwaita. Balta amekuja na kiti chake, hakiamini cha kwangu. Mama Furaha amefunga biashara. Mama Spes na rozari. Wamekaa mstari mmoja mbele ya kitanda. Nimeweka chura juu ya shuka.

Kimya.

Nilimwagia maji. Kimya. Nilimpapasa mgongo kwa kijiti. Nilifunga dirisha afikiri ni usiku, nikalifungua afikiri ni asubuhi. Mwishoni nikamwimbia mimi mwenyewe, kumkumbusha. Krrok, krrok. Mtu mzima, miaka arobaini na tisa, nimepiga magoti mbele ya kitanda changu.

"Tonto umeimba vizuri," akasema Mama Furaha. "Kama uliapa mpaka wewe uimbe, ungekuwa umeshahama."

Balta akasema chura wa Buterere pengine hajisikii nyumbani. Tone likaanguka kutoka darini, likampiga chura kichwani. Akaruka mapajani kwa Mama Spes. Mama Spes hata hakushtuka. Alimshika, akamrudisha kitandani, akasema: "Chura wa kubebwa ni mgeni. Mgeni hawezi kutoa ushuhuda. Chura wako aje kwa miguu yake."

Wote wakaenda kabla ya kuvrefe, saa ya kutotembea nje, askari wasije kufunga barabara. Balta amerudi kuchukua baiskeli. Imeota tope mpaka kengeleni. Hakusema kitu. Balta akinyamaza ni tusi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Asubuhi nanyoa ndevu. Chura akaimba. Kutoka kitandani, sauti ya tumbo, kama bwana mkubwa. Aliimba dakika tano kamili.

Shahidi hakuna hata mmoja. Nimejikata shavu.

Nilikimbia kwa Balta na sabuni usoni. Tuliporudi chura ananitazama tu. Anajua anachofanya huyu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Leo nimejua.

Nilikuwa nyuma ya choo nabandika turubai mahali pa ukuta. Mama Spes anaongea na jirani kwenye ua. Jirani anaogopa, mwezi wa sita wezi wenye bunduki waliingia kwake, wakaingia pia parsela ya upande wa pili. Yetu iko katikati. Waliiruka.

Mi nilifikiri ni Mungu.

Mama Spes anasema: "Mi nalala. Niko na Deo. Yule ndiye aliwanyang'anya bunduki wale wezi saba wa Kamenge kwa mikono mitupu. Wezi wanajua. Mji wote unajua." Alisema kwa sauti ya juu kabisa, mpaka barabarani isikike.

Hadithi ile niliisimulia mimi, kwenye ndagala za Mama Furaha, mwezi wa tano. Walikuwa watatu wakati ule. Nakiri mwezi wa nane walifika watano. Saba sijui wametoka wapi. Wanazaana wenyewe.

Nilitembea siku nzima kifua mbele. Nimewasalimu watu ambao siwajui. Kumbe mi ni ukuta wa parsela. Mi ni geti. Mama mzima analala usingizi kwa jina langu.

Jumapili, 18 Oktoba

Leo kifua kimerudi mahali pake.

Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Kamenge nilienda kutafuta tairi ya baiskeli ya ofisi. Wezi walikuwa wawili. Bunduki sikuona, sikungoja kuona. Niliwapa viatu kabla hawajaomba. Niliwapa soksi. Mmoja alisahau mkanda, nikamkumbusha. Nilisema asante.

Sasa hesabu ni hii. Nikihama, Mama Spes anabaki peke yake na mlango wa mbao, na wezi watajua. Nikibaki, Adela anabaki Bwiza. Na wezi wakija kweli, nitawapa nini? Viatu nilivyo navyo ni hivi tu.

Milimani wamepiga mchana wote, mbali. Mama Spes alikuwa uani anamenya maharage. Kila mlio ukisikika aliangalia mlango wangu. Nilikuwa naangalia kupitia tundu. Hakujua.

Nimejisikia vibaya sana.

Jumanne, 20 Oktoba

Dari limeshuka. Mikeka yote, na maji, na familia ya panya. Limeangukia kitanda. Chura yuko chini ya kitanda, mzima, amenenepa.

Nilienda Bwiza. Sikuruhusiwa kuingia ndani, tukaongea mlangoni. Nilimweleza Adela habari ya Mama Spes na wezi saba. Nilifikiri atafurahi ana mume wa namna hii. Akauliza, "Na we umemwambia walikuwa wangapi?" Nikatazama viatu vyangu. Adela ndiye alininunulia viatu vipya mwezi wa tano. Anajua idadi.

"Deo," akasema, "yule mama amekuzuia kwa mdomo wako. Mwachie ukweli, halafu utoke. Usimwachie uongo akalala juu yake."

Shemeji alicheka nyuma ya pazia. Nilimsikia.

Siwezi. Nimewahi kusimama mbele ya chui. Hii siwezi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimekwenda mpaka mlango wa Mama Spes mara nne. Mara ya kwanza nilimuuliza kama ana chumvi. Ya pili nikamrudishia chumvi. Ya tatu aliniuliza kama naumwa. Ya nne mlango ulikuwa umefungwa na mi nilifurahi kama mtoto shule imefungwa.

Keshokutwa ni tarehe 25.

Nimeagiza chungu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Hii ni ngumu kuandika.

Saa tisa mchana. Uani. Pombe ya ndizi, mirija minne. Balta, Mama Furaha, Mama Spes. Mama Spes alikaa mbali na chungu, mikono chini ya kanga. Nilitaka kupanda kwenye kiti. Sikupanda. Nilikaa chini, kwenye jiwe la kufulia.

Nikasema wezi walikuwa wawili. Nikasema viatu. Nikasema soksi. Sauti ilikuwa ndogo, Balta akasema rudia, hajasikia baada ya soksi. Nikarudia mpaka mkanda. Nikasema mkono huu haujawahi kumpiga mtu, nikisikia risasi naingia chini ya kitanda, Adela huwa ananivuta mguu nitoke. Nikasema: "Mama, umekuwa unalala kwa jina la mutu hayuko. Nisamehe. Mi siwezi kukulinda."

Mama Furaha akaweka mkono mdomoni.

Nilingoja Mama Spes alie, au anitukane. Alikuwa anatazama miguu yangu.

"Mi najua," akasema. "Siku ile nilikuwa getini namenya maharage. Ulipita pekupeku. Uliniambia viatu umempa masikini."

Nilikuwa nimesahau masikini.

"Mwanangu, mikono yako sikuitaka hata siku moja. Nimeiona, haiwezi hata kupigilia turubai. Mi nilitaka mdomo. Wale wezi hawakuona miguu yako. Walisikia mdomo wako. Walikuwa watano, nikaongeza wawili. Wale saba ni wangu."

Mama Furaha akasema: "Mi niliongeza bunduki ya rashasha."

Balta peke yake ndiye hajaongeza kitu. Alikuwa ameshika kichwa. Miezi yote hii, akasema, ameamini. Alikuwa ananiogopa. Ndiyo maana aliniazima baiskeli.

Tulicheka mpaka Mama Spes akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akafuta macho, akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa chini ya mengine yote: "Sasa mi nitabaki na nani?"

Balta alitazama bati letu, akatazama choo, akatazama ukuta. Akasema karakana yake inavuja pia, na mwenye kiwanja anataka kuibomoa. Akasema mbao zake zinaweza kuziba lile tundu na ukuta wa choo. Kama Mama anakubali, atahamia yeye na vifaa vyake, atapiga nyundo mpaka kuvrefe, na atalala hapo. Kwa ukweli, akasema, hana hakika kama atapigana.

"Mutu kama huyu, mwizi akimuuliza kama kuna mlinzi, atasema apana!" Mama Furaha akapiga kelele.

Mama Spes akafikiri. Akasema sawa. Balta atalala. Lakini mdomo wa Deo hauhami. Kila Jumapili baada ya misa, getini, kwenye ndagala, nije nisimulie, kwa sauti, kwamba bado nakaa hapa. Na koti langu kubwa la mvua libaki kwenye kamba, lionekane.

Nikauliza wezi wawe wangapi.

"Usipite kumi," akasema. "Watu watakosa kuamini."

Akavuta kiti. Akashika mrija. Akanywa kwanza yeye.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimehama jana, siku ya mwisho. Kitanda, kabati, kopo. Adela alifungua bomba kabla hajanisalimia. Akasikiliza maji. Halafu akanisalimia.

Chura nilimtafuta nimrudishe Buterere. Sikumwona.

Jumapili, 1 Novemba

Misa ya Watakatifu Wote. Halafu Nyakabiga, kwenye parsela ya zamani.

Koti langu lipo kwenye kamba, limefungwa vishikizo vyote. Choo kina ukuta wa mbao, umenyooka. Balta ameweka kitanda cha kwake mahali pale pale pa kile changu. Nilisimama getini nikasimulia. Leo walikuwa tisa. Vijana wawili nisiowajua walisimama kusikiliza, hawakununua ndagala. Niliwaangalia machoni na mkono wangu mmoja nikauweka ndani ya koti nililovaa, kama nimeshika kitu. Nilikuwa nimeshika rozari. Walienda.

Mama Spes alikuwa anamenya maharage pembeni. Hakuinua kichwa. Alisema polepole tu, "Vizuri."

Tulikaa kidogo, wote wanne. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani. Ndani ya chumba, kwenye kitanda cha Balta, chura akaanza kuimba.

Balta alinyanyua mkono, kama mahakamani. Akasema yeye amesikia.

Tukamwacha aimbe. Nikala ndagala, nikaondoka mapema ili nifike Bwiza kabla ya mvua.